Mstari wa Nne

Viseu, Februari. Mvua inayapiga mawe ya matale,
nasi tunacheza tena ule mchezo wa Kaimu
aliyempofua mpwawe ili asimwachie kiti.
Mimi nimo shimoni chini ya jukwaa,
kitabu magotini, taa ndogo kama yai.
Miaka kumi na tisa nawaona wafalme kuanzia viatuni.
Firmino ana tundu kwenye soli ya kushoto,
na bado akiingia, ukumbi mzima unakaa wima.

Kazi yangu ni pumzi: nusu neno,
kabla watu hawajaanza kukohoa.
Hakuna aliyewahi kunipigia makofi.
Chini ya kitanda changu, kando ya viatu vya marehemu mama,
kuna mchezo nilioandika mwenyewe, kurasa sitini na mbili,
nimeufunga kwa utepe wa sanduku la keki.

Baltasar, anayecheza mjumbe na kufa tendo la tatu,
alinijia Jumanne na glavu za sufu.
"Shimoni kuna baridi, Deolinda."
Hakuniomba nimuue mtu.
"Mzee anasahau. Wewe ndiye unayemfufua kila usiku.
Pumzika mara moja tu."
Na siku kundi likiwa lake, alisema,
jina langu litabandikwa mlangoni kwa herufi nyekundu.

Herufi nyekundu.
Nililala nazo. Niliamka, zimekua.

Wanasema tamaa mbele, mauti nyuma.
Hawasemi kwamba katikati kuna glavu,
na kwamba zinakuenea.

Tena mimi! Mimi niliyeijua hadithi kuliko yeyote mjini:
Kaimu haanzi na kisu.
Katika tendo la kwanza anaacha tu mlango bila komeo,
anakwenda kunywa supu.
Nilidhani anayeshika kitabu hawezi kuandikwa ndani yake.

Jumamosi, tendo la nne, Firmino peke yake kwenye mwanga:

    Ngazi niliyoipanda, vidato vyake baridi,
    Mwana niliyempenda, mboni zake si shahidi,
    Taji kichwani laganda, laning'ata likizidi,

kisha kina kikaning'inia
kama kamba ya kengele isiyo na mvutaji.
Akashusha macho. Alinitazama mimi, si ukumbi.
Mstari nilikuwa nao mdomoni, mzima, una joto.
Nikahesabu matone ya paani. Saba. Nane.
Mtu wa safu ya tatu akacheka kidogo, wala si kwa ubaya.
Ile soli yenye tundu ikageuka,
ikatoka polepole, kwa upande usio wake.

Sikumgusa. Andikeni hivyo.
Nilifunga mdomo, na mdomo ni wangu.

Sasa Baltasar ndiye Kaimu. Viatu vyake vipya, vinalia.
"Msimu ujao," ananiambia kuhusu mchezo wangu,
na huu ni wa tatu.
Nimepanda, ndiyo: mimi ndiye yaya wa yule mtoto,
mistari mitatu, poda usoni,
na mikono sijui niiweke wapi.
Shimoni wamemtia msichana wa Tondela, Quitéria,
mwepesi, mwenye masikio ya paka.
Hanitazami machoni.
Juzi nilimwona Baltasar akimpimia kidole.

Firmino anauza tiketi za bahati nasibu mbele ya mkahawa.
Ijumaa hununua kiti cha bei ya chini kabisa, nyuma ya nguzo,
na lile tendo likifika, mimi kando ya pazia na mtoto wangu kipofu,
naiona midomo yake gizani, ikitangulia,
haina sauti, haimsubiri mtu:

    Panga zote nilishinda, kimya ndicho chanirudi.

Hakosei hata herufi.